KUTOKA CHINI YA PETE MPAKA JUU YAKE
Nguvu hujengwa, haiazimwi!

Leo tuzungumze juu ya pete. Hapana, si zile za kidoleni! Tunazungumzia pete mbili kubwa zinazoning'inia kwenye kamba, zile za mazoezi ya viungo.

Huenda umeshaona kwenye televisheni au kwenye simu ya kaka. Mtu anashika pete mbili, miguu yake haigusi ardhi. Anajivuta mpaka pete zinafika kifuani. Wewe unadhani amemaliza, kumbe ndio kwanza anaanza. Anaegemea mbele, viwiko vinageuka, halafu anajisukuma mpaka mikono inanyooka na pete ziko usawa wa kiuno. Alikuwa chini ya pete, sasa yuko juu yake. Katika makala hii zoezi hilo tutaliita kupanda pete.

Tukipita mashuleni, wavulana wanauliza, "Nifanyeje na mimi niweze?" Wasichana nao wanasubiri wenzao watawanyike, halafu wanauliza taratibu, "Hivi na sisi tunaweza?" Jibu kwa wote ni ndiyo, inawezekana. Lakini sharti uanzie chini, maana anayeruka ngazi huishia kuumia bega.

PETE ZILITOKA WAPI?

Mchezo wa pete si wa jana. Ulikuwemo katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, iliyofanyika Athens, Ugiriki, mwaka 1896. Aliyeshinda alikuwa Mgiriki, Ioannis Mitropoulos. Siku hizi pete za mashindano zinaning'inizwa mita 2.8 kutoka sakafuni, na kila pete ina upana wa sentimita 18 kwa ndani. Liu Yang wa China alipata medali ya dhahabu ya pete katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akairudia Paris mwaka 2024.

Kwenye Olimpiki pete ni mchezo wa wanaume peke yao. Je, hiyo ina maana kwamba wasichana hawana nguvu ya kujivuta? Hata kidogo! Wasichana wana mchezo wa vyuma viwili, kimoja juu na kimoja chini, nao unadai nguvu kubwa ya mikono. Mwaka 2024 huko Paris, Kaylia Nemour wa Algeria alipata dhahabu katika vyuma hivyo akiwa na umri wa miaka 17. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Afrika katika mazoezi ya viungo. Umri wa mwanafunzi wa sekondari, bwana!

Na kwetu je? Sarakasi tunayo tangu zamani. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi wakawa mwanzo wa kikundi cha taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, ambacho sasa ni taasisi inayojulikana kama TaSUBa, nacho kimefundisha sarakasi. Kwa hiyo mtu akikuambia haya ni mambo ya kizungu, mwambie hajui historia yake.

KWA NINI NI NGUMU HIVI?

Kupanda pete kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni KUJIVUTA. Hapo hufanya kazi misuli mipana ya mgongo na ile ya mbele ya mkono inayokunja kiwiko. Ya tatu ni KUJISUKUMA. Hapo hufanya kazi kifua, mabega ya mbele na misuli ya nyuma ya mkono inayonyoosha kiwiko.

Katikati kuna sehemu ya pili, KUGEUKA. Huu ndio mlango wenyewe, na wengi hukwama hapa. Kwa kitambo kidogo umeshamaliza kuvuta na hujaanza kusukuma. Viwiko vilikuwa chini ya pete, sasa inabidi vipande nyuma yako. Unaweza kuwa na uwezo wa kujivuta mara 15 na bado ukakwama hapa.

Siri ni kuweka pete KARIBU NA MWILI. Chukua ndoo yenye maji nusu. Ibebe ikiwa imegusana na paja lako. Nyepesi, sivyo? Sasa ishike huku mkono umeunyoosha mbele. Maji ni yale yale, lakini bega linalia! Na kwenye pete ni hivyo hivyo. Kadiri pete zinavyokwenda mbali na kifua, ndivyo bega linavyobeba mzigo mkubwa zaidi. Zikikaa karibu na kwapa, mzigo unapungua.

Tena pete zinacheza. Chuma cha kawaida kimetulia mahali pamoja, lakini pete zinakwenda mbele, nyuma na pembeni. Misuli midogo inayozunguka bega inalazimika kufanya kazi muda wote ili kuzituliza. Ndiyo maana mtu aliyezoea chuma akishika pete kwa mara ya kwanza anatetemeka kama jani. Asione haya, ni kawaida.

LIJUE BEGA LAKO

Bega ni kiungo kinachozunguka kuliko vingine vyote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani kidogo. Ndiyo maana unaweza kurusha jiwe, kutwanga na kujikuna mgongo. Ubaya wake ni kwamba mpira unaweza kuteguka kutoka kwenye kisahani. Unashikiliwa na misuli na kano.

Sasa sikiliza hapa, ndipo penye hatari. Misuli hupata damu nyingi, hivyo inaimarika upesi. Ndani ya wiki chache utajiona una nguvu. Kano hupata damu kidogo, na huchukua miezi kuimarika. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho misuli inasema, "Twende!" na kano zinasema, "Bado." Wanaoumia wengi husikiliza misuli tu.

Zaidi ya hapo, wewe bado unakua. Karibu na ncha za mifupa yako kuna sehemu laini ambako mfupa unarefukia, na hukomaa kabisa mwishoni mwa ujana. Mazoezi ya nguvu yanayofanywa vizuri hayazidhuru. Ile habari kwamba "ukijivuta sana utabaki mfupi" si kweli. Kinachodhuru ni kuanguka, kurukia pete kwa kishindo, na kuendelea na zoezi huku unaumia.

PETE UTAZIPATA WAPI?

Msalato hakuna duka la pete za michezo, na shule nyingi hazina jengo la mazoezi. Usijali. Unahitaji kamba mbili nene na imara, vipande viwili vya bomba gumu vyenye urefu wa kiganja na kidogo zaidi, na mahali pa kufungia. Pitisha kamba ndani ya bomba, funga kitanzi, na kishikio kimepatikana. Hakitakuwa duara, lakini kitafaa kujifunzia.

Lakini shika masharti haya, na mwalimu wa michezo awepo:

• Tawi liwe bichi, nene kama paja la mtu mzima, na lisiwe na ufa wala mchwa. Mkwaju ni mti mgumu, unafaa. Mbuyu usikudanganye kwa unene wake. Mti wake ni laini na umejaa maji.

• Usifunge kamba kwenye goli ambalo halikuchimbiwa. Goli la kusimamishwa tu linaweza kukuangukia, na magoli ya namna hiyo yameshaua watoto katika nchi mbalimbali.

• Kabla ya kupanda, watu wawili wakubwa wazivute kamba kwa pamoja kwa uzito wao wote. Kagua kamba kila siku. Jua la Dodoma hula kamba polepole, hasa za plastiki. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, tupa.

• Chini pawe na mchanga laini wa kina. Mchanga wa makorongo tunao tele. Ondoa mawe na miiba.

• Usifanye peke yako.

NGAZI SABA

Usiende ngazi inayofuata mpaka hii uliyopo uiweze vizuri. Si mara moja kwa kubahatisha. Uiweze leo, na keshokutwa uiweze tena.

Ngazi ya 1: KUNING'INIA. Shika pete, ning'inia. Usiache mabega yapande masikioni. Yashushe chini, kama unayaweka mfukoni. Anza na sekunde 10, fika sekunde 30.

Ngazi ya 2: KUJIVUTA UKIWA UMEEGEMEA. Shusha pete ziwe usawa wa kiuno. Zishike, lala nyuma huku visigino viko ardhini na mwili umenyooka kama ubao. Vuta kifua mpaka kwenye pete. Siku hiyo hiyo piga pushapu za kawaida chini. Ukiweza mara 15 kila moja bila kupinda kiuno, songa mbele.

Ngazi ya 3: KUSHUKA POLEPOLE. Huwezi kujivuta hata mara moja? Wala usikate tamaa. Panda juu ya kiti imara ili kidevu kiwe juu ya pete, toa miguu, halafu shuka taratibu ukihesabu mpaka 5. Misuli ina nguvu zaidi inaposhusha mzigo kuliko inapoinua. Kwa njia hii wengi hufika kwenye kujivuta kwao kwa kwanza.

Ngazi ya 4: KUJIVUTA KAMILI. Kutoka mikono imenyooka mpaka pete ziguse kifua. Bila kurusha miguu. Lengo ni mara 8 mpaka 10.

Ngazi ya 5: KUJITEGEMEZA NA KUJISUKUMA. Rudisha pete chini, panda juu yake kwa msaada wa kiti. Nyoosha viwiko, bana pete mapajani, geuza viganja vitazame mbele kidogo. Kaa hapo sekunde 30. Utatetemeka! Ukishatulia, anza kushuka mpaka mabega yafike karibu na pete na kujisukuma juu. Lengo ni mara 8 mpaka 10.

Ngazi ya 6: MSHIKO WA KIFUNDO. Huu ndio ufunguo wa ule mlango wa katikati. Kwa kawaida tunashika pete kwa vidole. Hapa unaingiza mkono ndani zaidi, mpaka ile sehemu ya kifundo iliyo upande wa kidole kidogo ikae juu ya pete. Kifundo kinakuwa kimekunjwa. Faida yake ni kwamba mkono tayari uko juu ya pete, kwa hiyo hutahangaika kuuhamisha njiani. Utawasha na ngozi italalamika. Anza na sekunde 5, nenda mpaka 20. Kisha jivute ukiwa na mshiko huo.

Ngazi ya 7: KUGEUKA, MIGUU IKIWA CHINI. Weka pete usawa wa kifua. Shika kwa mshiko wa kifundo, piga magoti kidogo ili mikono inyooke. Jivute, miguu ikusaidie. Pete zikifika kifuani, zipitishe karibu na kwapa, na wakati huo huo sogeza kichwa na kifua mbele, kama mtu anayechungulia nje ya dirisha. Viwiko vibaki karibu na mbavu. Ukijikuta uko juu ya pete, sukuma. Kila wiki punguza msaada wa miguu kidogo kidogo.

Siku moja miguu haitahitajika tena. Hapo umepanda pete! Na ukishaweza, shuka kwa njia ile ile, taratibu. Usijiachie kama gunia.

Itachukua muda gani? Kwa anayeanza bila kuweza kujivuta hata mara moja, hesabu miezi, wala si wiki. Kuna atakayefika kwa nusu mwaka, kuna atakayehitaji mwaka au zaidi. Aliye mwepesi na aliyezoea kupanda miti atamwacha mwenzake. Usishindane naye, shindana na daftari lako.

RATIBA YA WIKI

Siku 3 zinatosha: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Misuli haikui wakati wa mazoezi, inakua wakati wa kupumzika. Anza na dakika 10 za kupasha mwili joto: kimbia taratibu, zungusha mabega, viwiko na vifundo. Fanya seti 3 mpaka 5 za ngazi yako, ukipumzika dakika 2 au 3 katikati. Acha ukiwa bado una nguvu ya kufanya moja au mbili zaidi. Fanya asubuhi au jioni, si saa saba mchana juu ya kichwa. Na kunywa maji kabla hujasikia kiu.

NILE NINI?

Si lazima uwe na kuku kila siku. Ugali wa uwele au mtama na maharage ya bweni ni chakula cha maana. Nafaka inakupa nguvu, maharage yanajenga mwili. Ongeza karanga, ambazo kwetu hazina shida, pamoja na kunde, mlenda, na ukipata dagaa, yai au maziwa, shukuru.

Wasichana, mnapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo mnahitaji madini ya chuma zaidi. Maharage, mboga za kijani na nyama yanayo. Chai ya rangi inazuia mwili kuyachukua, basi ngoja kama saa nzima baada ya kula ndipo unywe. Ukiona unachoka ovyo, moyo unakwenda mbio na viganja vimepauka, nenda ukapime damu.

Na usingizi? Kijana anahitaji saa 8 mpaka 10. Kukesha na kujivuta havipatani.

MASWALI AMBAYO MNATUULIZA

"Msichana akijivuta, atakuwa na misuli kama mwanaume?"
Hapana. Misuli mikubwa hutegemea sana homoni ambayo wavulana wanayo kwa wingi kuliko wasichana. Wewe utapata nguvu, mgongo ulionyooka na mifupa imara. Kama kuna mtu anasema utakosa mchumba, huyo ana tatizo lake.

"Nifanye mazoezi nikiwa kwenye siku zangu?"
Unaweza. Hayana madhara, na wengine huona hata maumivu ya tumbo yanapungua. Kama unajisikia vibaya, pumzika. Mwili ni wako.

"Kuna vidonge vya kujaza misuli. Nitumie?"
USITUMIE. Homoni hizo zinaweza kuharibu ini na moyo, zinaleta chunusi na hasira, zinasinyaza korodani za mvulana na kuharibu mbegu zake. Kwa msichana zinaweza kukaza sauti na kuotesha ndevu, na sauti haitarudi. Kwa anayekua, zinaweza kufunga urefu kabla ya wakati. Uanaume haupimwi kwa upana wa kifua.

"Nimesikia maumivu. Niendelee?"
Kuna maumivu ya aina mbili. Ya kwanza ni ule uchovu wa misuli unaokuja kesho yake na kuisha baada ya siku mbili tatu. Huo ni wa kawaida. Ya pili ni maumivu makali kama sindano, ndani ya bega, kiwiko au kifundo, yanayokuja wakati wa zoezi lenyewe. Hapo ACHA. Pumzika, na yasipoisha ndani ya wiki nenda zahanati. Ukianguka na mkono ukavimba, ukapinda au ukafa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikubali mtu akuvute au kukukanda mkono uliovunjika au kuteguka, hata kama kijiji kizima kinamsifu. Anaweza kukata mshipa wa damu au wa fahamu.

"Nina pumu. Nina sikoseli. Je?"
Ongea na daktari kwanza, halafu mwambie mwalimu wako. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Mwenye sikoseli asijichoshe kupita kiasi, asikae na kiu, na apumzike mapema. Kujua hali yako ni ujasiri.

LEO UANZE NA NINI?

Chukua daftari. Andika tarehe. Tafuta tawi au chuma imara, ning'inia, na rafiki yako ahesabu sekunde. Labda ni 6, labda ni 20. Iandike hivyo hivyo ilivyo, usiongeze. Baada ya wiki nne pima tena mahali pale pale.

Kila la heri, na usisahau kupasha mwili joto!